Deni la Kurasa

Mwaka mpya huingia Unguja zaidi ya mara moja. Huingia Januari, kalenda mpya zinapotundikwa. Huingia kwa mwezi mwandamo wa Mfunguo Nne, ndio Muharamu. Na huingia tena Julai, watu wa Makunduchi wanapokoga mwaka. Aliyeshindwa na nia yake mara ya kwanza hakosi nafasi ya kuweka nyingine.

Miongoni mwa nia hizo ipo moja inayoonekana kuwa haina ubaya hata chembe, nayo ni nia ya kusoma. Mtu hujiahidi vitabu kumi na viwili, kimoja kila mwezi. Akiwa mzazi, hubandika karatasi ukutani, majina ya wanawe upande mmoja na miezi upande wa pili. Nani atamlaumu? Hata hivyo, anayeweka hesabu ya kusoma anaahidi nini hasa, na anamwahidi nani?

Swali hili ni kongwe. Limo katika hadithi mashuhuri ya Abdallah bin Amr bin al-As, sahaba aliyekuwa akikesha kwa ibada hata habari zake zikamfikia Mtume (S.A.W.). Mtume alimwambia aikhitimu Kurani kwa mwezi mmoja. Kijana akajibu kuwa ana nguvu za kuzidisha. Akapunguziwa siku, naye akashikilia kuwa anaweza zaidi, hata ilipofika siku saba akaambiwa asipite hapo. (Yapo mapokezi yanayotaja siku tatu, na hoja yake ni kuwa asomaye kwa muda wa chini ya huo hafahamu asomacho.) Uzee ulipomfika, Abdallah alitamani lau angaliikubali tahafifu ile. Lakini hakuiacha ahadi. Mchana alikuwa akiwasomea baadhi ya watu wa nyumbani kwake sehemu moja katika saba, ile atakayoisoma usiku, ili imwie nyepesi.

Katika kisa hiki, anayetaka wingi ni msomaji, na anayemzuia ni mwalimu wake. Mtu wa Januari hana wa kumzuia; hupatana bei na nafsi yake, na nafsi siku ya kwanza ya mwaka ni karimu mno. Tena mzigo alioutaka Abdallah peke yake katika ujana, uzeeni ulihitaji masikio ya jamaa zake.

Abdallah, lakini, alijifunga mwenyewe. Mzazi mwenye karatasi ukutani amewafunga wengine, ilhali nadhiri humfunga aliyeitamka. Mtoto wa miaka kumi aliyepewa idadi hujifunza upesi: huchagua vitabu vyembamba vyenye herufi kubwa, huruka katikati, husoma ukurasa wa mwisho na kusema amemaliza. Si mwongo huyo. Karatasi ilimuuliza vingapi, naye amejibu vingapi. Hila hiyo aliipanda aliyebandika karatasi.

Yamkini atasema mtu kuwa pasipo kiasi hakisomwi kitu, na kwamba hata chuoni watoto huanzishwa kwa Juzuu Amma, sura baada ya sura. Ni kweli. Ila mwalimu wa chuoni haulizi mtoto amefika wapi. Humwambia asome, akasikiliza. Na hadithi nyingine inampa ujira mara mbili yule asomaye kwa kusitasita na kwa taabu. Karatasi gani ya ukutani impayo alama mbili aliyehangaika mwezi mzima na kurasa tano? Kwa hesabu hiyo hata mfasiri aliyeshinda mwaka na kitabu kimoja ni mvivu.

Na katika nyumba hiyohiyo yamkini yumo bibi asiyejua herufi za Kirumi, ambaye amehifadhi beti nyingi za Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa 1858 na mama kwa ajili ya binti yake. Jina la bibi halimo ukutani, kwa kuwa hasomi.

Watu wa visiwani wana desturi bora zaidi, nayo ni khitma. Juzuu thelathini hugawanywa kwa waliohudhuria. Mwepesi huchukua mbili, mzito humsaidia jirani yake, na khitma ikitimia imetimia kwa wote. Riwaya, kwa hakika, haigawanyiki hivyo. Kitabu kama Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya 2022 ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, hakisomwi sura zote kwa mpigo mmoja. Kila mwenye zamu hana budi kuwasomea wenziwe, nao wamngoje anapokwama. Kwa mwendo huo, nyumba huenda ikafika Julai ingali na kitabu kimoja. Zamu ya bibi ikifika, kitabu hufunikwa, taa hupunguzwa, na watoto husikiliza beti ambazo hazimo katika orodha.