AMANI NI AMANA: KWA NINI WATU WA UJIJI WANALALA NA SISI TUNAKESHA?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Bwana wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, wafanyabiashara wetu wanaovuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma wanarudi na bidhaa, na pamoja na bidhaa wanarudi na maneno. Wanasema: kule mama anauza samaki mpaka usiku na hakuna wa kumnyang'anya; kule mtu anajenga nyumba ya matofali bila kujiuliza nani atakuja kuilalia. Kisha wanaongeza neno linaloumiza: "Sisi Wakongomani tumelaaniwa." Wengine wanasema: "Watu wa kule ni wema kuliko sisi." Maneno haya yanasemwa mpaka kwenye baraza za misikiti yetu. Leo tuyapime, kwa sababu mtu anayeamini kwamba amelaaniwa hatengenezi kitu.

Kwanza, tuulize: je, tofauti ni ya damu? Nendeni Ujiji mkaulize majina ya koo. Mtawakuta Wamanyema, watoto wa watu waliotoka huku kwetu Maniema katika karne ya 19, wakati wa misafara ya Nyangwe na Kasongo. Babu zao na babu zetu walikula sahani moja. Je, ni ya dini? Wao wanaswali kuelekea kibla tunachoelekea sisi. Je, ni ya lugha? Kiswahili chao na chetu ni ndugu. Basi ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja amebaki magharibi ya ziwa, mwingine amekaa mashariki. Mmoja amekimbia vita mara tatu katika umri wake, mwingine hajakimbia hata mara moja. Hapo neno la damu limekwisha, na neno la laana limekwisha pia. Mwenyezi Mungu hagawi laana kwa kufuata ufuko wa ziwa.

Pili, je, tofauti ni ya mali? Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na ina shaba, dhahabu, almasi, misitu na mto mkubwa kuliko yote ya Afrika kwa wingi wa maji. Lakini Banki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 Wakongomani karibu 3 kati ya 4 waliishi chini ya dola 2.15 kwa siku. Tanzania, ambayo haina hata nusu ya utajiri huo chini ya ardhi, ilihesabiwa na banki hiyohiyo mwaka 2020 kuwa nchi ya kipato cha kati, daraja la chini. Umeme wa Inga tulianza kuuona mwaka 1972, na mpaka leo vijiji vyetu vingi vinawasha vibatari. Kwa hiyo si mali. Mali bila amani ni kama asali mlangoni: inaita siafu.

Wala tusidhani kwamba wenzetu hawakupata shida. Jeshi lao liliasi Januari 1964. Walipigana vita na Idi Amin mwaka 1978 na 1979, na baada ya vita hivyo sabuni na sukari vilikuwa vya kutafutwa kwa foleni. Vijiji vya ujamaa viliwaumiza wengi waliohamishwa kwa nguvu. Lakini njaa ile haikuwa vita ya mtu na jirani yake. Na mwaka 1985 Rais wao wa kwanza aliondoka kwenye kiti akiwa mzima, akarudi kijijini kwake Butiama. Sisi mwaka huo Mobutu alikuwa na miaka 20 katika kiti, na alibaki mpaka vita vilipomtoa mwaka 1997.

Basi tofauti ni nini? Ndugu zangu, angalieni shamba. Mihogo inataka mwaka, au zaidi. Mchikichi unataka miaka kadhaa kabla ya kukupa mawese. Kahawa hivyohivyo. Mtu anayepanda mchikichi anasema kwa mikono yake: "Naamini nitakuwa hapa." Sasa mtazameni mkulima wa kijiji kilichokimbia mara mbili. Anapanda maharagwe, kwa sababu yanaiva upesi. Mbuzi anamuuza angali mdogo, kabla hajaliwa na wenye bunduki. Fedha hazipeleki banki, anazifunga kwenye kitenge. Mtu huyu si mvivu wala si mjinga. Ameibiwa kitu ambacho hakionekani: ameibiwa kesho. Nchi yenye utulivu inampa mtu kesho. Nchi dhaifu inampa leo tu, tena nusu.

Na mtu asiye na kesho hata tabia yake inaumia. Askari asiyelipwa anasimamisha bariere. Mwalimu asiyelipwa anauza alama. Kwa miaka mingi, mpaka elimu ya msingi ya bure ilipotangazwa mwaka 2019, wazazi ndio waliobeba mshahara wa mwalimu kwa jina la prime, na mtoto wa maskini alifukuzwa kwa deni ambalo si lake. Tukaita hayo yote Artikle 15: jitafutie. Tulicheka kwanza. Kisha kila mmoja alipojitafutia, alijitafutia ndani ya mfuko wa jirani yake.

Hapa pana swali zito. Je, tunaweza kumdai mtu wa Kalemie uaminifu uleule tunaomdai mtu wa Kigoma? Huyu analipwa mwisho wa mwezi, yule hajui mwisho wa mwezi ni lini. Dini yetu haikulifumbia macho swali hili. Sayyidna Umar (r.a.), mwaka wa ukame mkubwa, mwaka wa 18 wa Hijra, alisimamisha adhabu ya mwizi, kwa sababu njaa ilikuwa imeingia katika hesabu. Dharura inapunguza lawama. Mwenye kufa njaa akila tunda la shamba la mtu ili asife, hatumwiti mwizi.

Lakini wanavyuoni waliweka mpaka: madhara hayaondolewi kwa madhara mengine kama hayo. Njaa yako haikupi ruhusa ya kumtia mwenzako njaa. Askari anayemnyang'anya mama beseni la sombe kwenye bariere anahamisha dharura kutoka mgongo wake kwenda mgongo wa mama, na mama huyo ana watoto watano. Hakimu anayemuuzia tajiri shamba la yatima hana dharura yoyote. Hivyo jibu ni hili: tumwonee huruma mdogo anayejiokoa, tusimpe udhuru yeyote anayemkanyaga aliye chini yake. Na kadiri mtu anavyokuwa mkubwa, ndivyo udhuru unavyokuwa mdogo.

Tuseme ukweli mwingine pia, ili tusijibebeshe dhambi zote. Nchi hii ilianza mwaka 1885 kama mali ya mfalme mmoja wa Ubelgiji, na watu walikufa kwa mpira wa msituni. Lumumba aliuawa Januari 1961, uhuru haujatimiza mwaka. Majeshi ya majirani yaliingia mwaka 1996 na tena mwaka 1998. Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2022 iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita hivyo. Mwaka 2025 Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, na Umoja wa Mataifa umeeleza mara nyingi mkono wa Rwanda katika jambo hilo. Nyumba yetu ilivunjwa na wengi. Lakini mwizi wa nje anaingia kwa urahisi pale ambapo mwenye nyumba ameuza kufuli.

Kufuli hiyo ni amana. Tuielewe kwa mfano tunaoujua wote, likilimba. Mama kumi na wawili wanaweka kila mmoja kiasi chake, na kila mwezi mmoja anakula. Aliyekula mwezi wa kwanza anaendelea kuweka mpaka wa mwisho naye ale. Hakuna askari anayemlazimisha. Nchi yenye utulivu ni likilimba ya mamilioni ya watu. Unalipa kodi leo, barabara inapita kwa mwenzako, na unajua zamu yako itafika. Anayetawala amekula kwanza, kisha anaondoka na kuendelea kuweka kama wengine. Nchi dhaifu ni likilimba ambayo aliyekula kwanza amekimbia na daftari. Mkishaona hivyo mara mbili, nani ataweka tena? Kila mtu anashika chake, na hapo jambo limekufa kabla ya risasi ya kwanza kulia.

Mtume wetu (s.a.w.) alipoulizwa habari za Kiyama alitaja kupotea kwa amana, na akaeleza kwamba inapotea pale mambo yanapokabidhiwa wasiostahili. Na Ibn Taymiyya alifundisha kwamba dola ya haki inasimama hata kama ni ya wasioamini, na ya dhuluma haisimami hata kama ni ya Waislamu. Kwa hiyo tusitegemee jina la dini kutujengea nchi. Haki ndiyo inayojenga.

Vijana wananiuliza: je, ni dhambi kuondoka? Si dhambi. Masahaba walipoteswa Makka, Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza Habasha, kwenye nchi ya Najashi, mfalme Mkristo ambaye hakudhulumiwa mtu mbele yake. Na watu wetu waliovuka ziwa mwaka 1996 wakapokelewa Nyarugusu walifuata njia hiyohiyo ya kuokoa roho. Tuwashukuru waliowafungulia mlango. Lakini anayeondoka asichukue pamoja naye mazoea ya bariere, na asiwasahau waliobaki. Na anayebaki asimwite mwenzake msaliti.

Wenzetu wa nchi zenye utulivu nao wana hesabu yao. Wasidhani amani ni mali ya mirathi. Oktoba 2025, katika siku za uchaguzi wa Tanzania, watu waliuawa, Dar es Salaam iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na intaneti ilifungwa. Tuliumia kusikia, kwa sababu nyumba ya jirani ikiungua hakuna anayeota moto. Nabii Ibrahim (a.s.) alipouombea mji wa Makka, aliomba kwanza uwe wa amani, kisha akaomba matunda kwa watu wake. Hakuomba matunda kwanza. Na sura ya Nahl inatupa mfano wa mji uliokuwa salama, ukakufuru neema, ukaonjeshwa njaa na hofu. Mfano huo unamhusu kila aliyelala usingizi mzuri.

Basi sisi wa huku tufanye nini, ambao hatuna jeshi wala wizara? Tuanze pale mkono unapofika. Daftari ya sadaka ya msikiti isomwe mbele ya watu wote. Zaka igawiwe kwa majina yanayojulikana. Viongozi wa jumuiya yetu wakimaliza muda wao watoke, hata kama tunawapenda. Muuzaji wa mchele asikandamize ekopo. Mwenye mtoto jeshini au katika polisi amwambie: mwanangu, mama anayepita na beseni ni mama yako. Na anayeweza, apande mchikichi. Akipanda, amesema kwa mikono yake kwamba hakukubali kuibiwa kesho.

Hayo ni madogo, najua. Hayatazima bunduki za Kivu wiki hii. Lakini hakuna likilimba iliyoanza na watu milioni mia moja. Zote zilianza na watu wachache ambao mmoja wao alikula kwanza, na mwezi uliofuata akarudi kuweka.

Ewe Mola wetu, tupe amani katika nchi yetu na uwape majirani zetu amani yao. Wahifadhi walio katika kambi na walio njiani. Utujalie tuwe watu wa kurudisha amana kwa wenyewe. Amina.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.