Taa za Krismasi na Mlango wa Jirani



Kila Desemba tunapanda daladala kutoka Mbagala na Tandale, pamoja na watoto, kwenda Posta na Mlimani City kutazama taa za Krismasi. Furaha hiyo si dhambi. Lakini tukumbuke Desemba 2023, wakati wa mgawo wa umeme: tulizifuata taa za madukani, tukaupita mlango wa mjane jirani yetu, naye yu gizani, hana hata kibatari. Wachungaji wa Bethlehemu walizungukiwa na utukufu wa Bwana, kisha wakaenda haraka horini. Basi mwaka huu, tukirudi kutoka kwenye taa, tubishe hodi kwake na mshumaa, chakula na sala. Hapo ndipo nuru ya Kristo inapongojewa. Amina.