Je, Anayedaka Kosa na Kunyamaza Anasema Uongo?

Katika programu zinazojengwa kwa klasi na objekti, kama zile za Java au C#, kosa halikai pale lilipozaliwa. Hurushwa. Methodi iliyolirusha husimama, na kosa hupanda kwa methodi iliyoiita, kisha kwa iliyoiita hiyo, mpaka apatikane wa kulidaka. Asipopatikana, programu huanguka. Anayelidaka anaweza kulitatua, kulirusha tena, au kuacha mabano matupu, kazi iendelee kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wenzangu wengi huitetea njia hiyo ya mwisho. Husema mtumiaji asitishwe na maandishi mekundu. Hoja hiyo ina huruma ndani yake, lakini mimi naiona ni uongo. Mwenye duka anayesoma "malipo yamepokelewa" wakati hifadhidata imekataa kuyaandika hajatulizwa, amedanganywa. Programu inayoendelea na kazi tayari inamwambia kwamba mambo ni shwari.

Hata hivyo, kurusha juu kila kitu nako si uadilifu. Ni kama zile ofisi ambako kila dirisha hukuelekeza dirisha linalofuata. Ikiwa faili haipo, nami ndiye ninayejua nakala yake iliko, kulirusha kosa hilo ni kukwepa kazi.

Linalonivutia zaidi ni la yule asiye na uwezo wa kulitatua: alirushe vipi? Katika C#, ukilidaka kosa ulilolipa jina ex kisha ukaandika throw ex, kumbukumbu ya njia yake huanza upya hapo ulipo. Asili yake hufutika, nawe huonekana ndiye chanzo. Ukiandika throw peke yake, njia yote hubaki. Tofauti ni herufi mbili tu! Tunasema mjumbe hauawi, ila kinga hiyo nadhani ni ya mjumbe asiyechana barua. Java nayo huruhusu kulifunga kosa ndani ya jingine lenye maneno yanayoeleweka zaidi, la kwanza likibaki ndani kama sababu. Hiyo ni tafsiri inayotunza matini ya asili, nami naipenda.

Tafsiri si jambo dogo. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kutoka Kourou. Lugha ya programu yake ilikuwa Ada, lakini suala ni lilelile. Mtambo wa kupima mwelekeo ulijaribu kuingiza namba ya biti 64 katika nafasi ya biti 16, nayo haikuenea. Ubadilishaji huo haukuwekewa kinga. Mtambo ulijizima, na taarifa yake ya hitilafu ikafika kwenye kompyuta kuu, ambayo iliisoma kama takwimu za safari na kuigeuza roketi ghafla. Sekunde 40 hivi baada ya kuwashwa, roketi ililipuka na setilaiti 4 ilizobeba. Mtambo wa akiba ulikuwa na programu ileile, na ulikuwa umejizima kitambo kidogo kabla. Nikiulizwa kama mtambo ule ulitimiza wajibu wake, nasita: ulisema, lakini msikilizaji alidhani anapewa habari za kawaida.