Neno au Kitanda?

Binti wa kaka yangu aliozwa Mombasa, Ijumaa moja baada ya alasiri. Bwana harusi hakuwepo. Yuko Minneapolis, kazini, likizo hana. Ami yake ndiye aliyeshikana mkono na kaka yangu na kukubali ndoa kwa uwakala. Mashahidi wawili wakasikia, halua ikapita, vigelegele vikapigwa. Kwetu sisi basi, mtoto kaolewa.

Marekani hapana. Sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1952 inasema kwamba kama wawili hawakuwa pamoja ndoa ilipofungwa, huyo si mke wala yule si mume, mpaka wakutane kimwili. Na wakutane baada ya ndoa. Ya kabla hayahesabiwi.

Mwaka 2008 askari wa Kimarekani aliyekuwa Iraq alimwoa kwa simu mchumba wake Mjapani, aliyekuwa Okinawa na mimba yake. Mwezi mmoja baadaye akauawa. Jeshi lilimtambua yule mwanamke kuwa mjane. Uhamiaji wakasema si mke, maana mimba ilitangulia ndoa. Ilibidi Bunge la Marekani lipitishe sheria kwa ajili yake peke yake, 2010.

Najiuliza: ndoa ni neno au ni kitanda?

Sitaki kuionea sheria. Uwakala unaweza kumficha msichana asiyetaka, au mtu anayeuza karatasi. Serikali ina haki ya kuuliza kama hawa wawili wanatakana kweli. Lakini kitanda kinajibu swali hilo? Tapeli mwenye nauli atalala hotelini usiku mmoja, atapigwa muhuri wa pasipoti, atahifadhi risiti. Mkweli asiye na nauli atabaki mchumba. Tena msichana aliyelazimishwa ndiye tunayemwambia athibitishe kwa mwili wake. Huo ni ulinzi gani, jamani?

Mimi ningeanza na swali ambalo hata sisi siku ile tulilipita haraka: yeye mwenyewe amekubali? Kaka aliingia chumbani kumwuliza. Alinyamaza, nasi tukasema kimya cha mwali ni ridhaa. Marekani haiamini neno la ami. Sisi hatukusubiri neno la binti.

Juzi nilimwuliza tena, tukiwa wawili tu. Akacheka: "Shangazi, mie namtaka. Ila hakuna aliyesubiri niseme."