Nyuma Yangu Kulikuwa na Tumbawe

Aliyegundua siri yangu ni mpwa wangu wa miaka tisa, sebuleni kwangu hapa Bagara. Nilimfungulia kwenye simu video niliyopiga chini ya bahari kule Mafia, Ghuba ya Chole. Mimi nilitaka aone samaki. Yeye akatelezesha kidole, picha ikazunguka, akaangalia nyuma. "Mjomba, huyu anayevunja ni wewe?"

Nilikuwa mimi. Pezi langu la mguu wa kulia lilipiga tawi la tumbawe, likakatika kipande kama urefu wa kiganja, kikazama taratibu. Sikuhisi kitu. Nilikuwa nimekodolea macho samaki wa mbele.

Kwa wasiozijua, hizi kamera za nyuzi 360 zina lenzi mbili zilizopeana mgongo, kisha programu inashona picha mbili kuwa moja. Majini mshono huo unasumbua, maana maji hupinda mwanga tofauti na hewa. Kwa hiyo ukienda kununua, usianze na megapikseli. Uliza kasha la kuzamia: je, vioo vyake vimebinuka kama kuba, na linashuka mita ngapi? GoPro Max bila kasha huvumilia mita 5, Insta360 X3 mita 10, wakati mzamiaji mwenye cheti cha mwanzo huruhusiwa hadi 18. Mimi niliazima ya rafiki, na niliipenda kwa sababu moja tu: haichagui. Kazi yangu ya uandishi wa habari ni kuamua nani aingie kwenye picha na nani abaki nje. Nikadhani hatimaye nimepata jicho lisilo na upendeleo.

Wapi! Hata fimbo inayoishikilia hukaa kwenye ule mshono na kupotea, utadhani aliyepiga ni jini. Halafu uchaguzi unahamia mezani. Mimi nilikata dakika mbili, zote za mbele, nikazirusha mtandaoni. Hakuna picha hata moja ya uongo humo. Na wakati ule sikujua la tumbawe. Lakini je, sikujua, au sikugeuka? Ushahidi ulikuwa mkononi mwangu, ulihitaji kidole cha mtoto tu.

Kinachoniuma zaidi ni makala niliyowahi kuandika kuhusu wavuvi wa baruti. Niliiandika kwa ukali, na sijutii ukali huo. Baruti hubomoa mwamba, na sitalinganisha hilo na kiganja kimoja cha tumbawe. Matumbawe ya matawi hukua haraka kuliko yale ya mabonge, kwa hiyo naweza hata kujifariji. Ila yule mvuvi nilimwonyesha uso. Alikuwa anatafuta kitoweo. Mimi nilikuwa natafuta mandhari, ndani ya hifadhi ya bahari inayolindwa tangu 1995, na uso wangu ulikuwa ndani ya barakoa.

Rafiki yangu mwenye kamera anasema najitesa bure, ajali ni ajali. Sawa, lakini ajali ina historia. Mwalimu wa kuzamia alituambia kabla ya kushuka: kwanza mtu ajue kuelea bila kupanda wala kuzama, kamera baadaye. Nilitikisa kichwa kukubali, nikashika fimbo kwa mkono mmoja, mwili ukayumba.

Hapa Ziwa Babati wavuvi hutega nyavu huku sikio likiwa nyuma, kwa sababu ya viboko. Asiyegeuka hapati nafasi ya kuandika insha.

Ile video ya dakika mbili bado iko mtandaoni, watu wanaendelea kuipenda. Faili zima, lenye zile sekunde nne, liko kwenye diski. Jana usiku nilianza kulipandisha, likafika asilimia 60, umeme ukakatika. Leo umeme upo tangu asubuhi.