Maji Maangavu Si Lazima Yawe Mazima

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Michigan tunapaswa kuukumbuka usemi huu kila kiangazi, tunapowapeleka watoto ufukweni na kusifu jinsi maji yalivyo maangavu. Je, tuna haki ya kusifu tusichokipima?

Meli ya utafiti Lake Guardian, mali ya serikali ya Marekani, yenye urefu wa mita 55 hivi, imewahi kuwachukua walimu wa shule wakafanya kazi na wanasayansi katika Maziwa Makuu. Huko kazi ni ya mikono. Hushushwa majini sahani nyeusi na nyeupe mpaka isionekane, kina kikaandikwa. Kipimo hicho kilitokana na padri Angelo Secchi, mwaka 1865. Kisha huvutwa wavu wa matundu madogo sana, kuona samaki wana chakula gani, na matope ya chini huchotwa yakachambuliwa.

Hapo ndipo sifa inapogeuka swali. Sahani huonekana hadi kina kirefu, lakini chakula cha samaki kimepungua, na huko chini wamejaa kome. Kome hawa, wenye asili ya upande wa Bahari Nyeusi, waliletwa na maji ya farumi ya meli. Aina ya kwanza iligunduliwa katika maziwa haya mwaka 1988. Mmoja aweza kuchuja hadi lita moja ya maji kwa siku. Uangavu tunaousifu ni wa chungu kilichokombwa.

Kwetu tunalijua jambo hili kwa sura nyingine. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na baadaye akaleta viwanda na fedha za kigeni. Aliyehesabu minofu aliona neema. Aliyetafuta furu aliona aina nyingi zimetoweka. Wote wawili walisema kweli, ila kila mmoja alipima upande mmoja.

Mtu atauliza: nani ana nafasi ya kupima kila kitu? Hakuna. Lakini twaweza kukataa kuhukumu kwa jicho pekee, hasa pale hukumu yetu inapogusa maisha ya wengine. Tunapotumiwa picha ya kisima tulichochangia nyumbani, tusiishie kupiga makofi. Tuulize nani anateka, nani anazuiwa, na maji yamepimwa lini.