Mbao Mpya, Nyumba ya Kale

Nyumba ya miti kandokando ya Ziwa Victoria haidumu na miti yake ya kwanza. Mchwa hula nguzo kuanzia ardhini, unyevu huozesha fito, na ezeko la nyasi huvuja baada ya masika kadhaa. Kiloleli, wilayani Busega mkoani Simiyu, aliyekulia kwenye msonge analijua hilo: nguzo iliyooza hung'olewa, nyingine ikasimikwa shimo lilelile, na hakuna anayesema familia imehama. Je, nguzo zote zikishabadilishwa, nyumba ni ileile?

Mwandishi wa kale Plutarch alisimulia kuhusu wanafalsafa wa Kigiriki waliobishana hivyo juu ya chombo cha shujaa Theseus, kilichobadilishwa ubao mmoja mmoja. Mkataba wa Venice wa 1964, kuhusu uhifadhi wa majengo ya kale, huegemea upande wa ubao: kilicho cha asili kiheshimiwe, kilichoongezwa kionekane ni kipya. Kanuni hiyo inafaa zaidi kwa mawe. Lakini hekalu la miti la Ise, Japani, hujengwa upya kila miaka 20, mara ya mwisho 2013, na waumini hawalioni kuwa jipya.

Makaburi ya Kasubi, Kampala, yanalibana swali zaidi. Jengo lake kuu lilikuwa ikulu ya Kabaka Mutesa I mwaka 1882, likawa kaburi lake 1884. Kuliezeka ni kazi ya kurithi ya ukoo wa Ngeye, na duara 52 za dari husimama kwa koo za Buganda. Ukarabati wa 1938 uliingiza zege na chuma. UNESCO ikalitambua eneo hilo hata hivyo kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Tarehe 16 Machi 2010 jengo likateketea. Utakatifu ungekuwa kwenye miti, ungeishia majivuni. Lakini kwa Waganda Kabaka hafi, hutoweka msituni, na msitu wenyewe ni ile sehemu iliyo nyuma ya pazia la nguo za magome. Msitu wa namna hiyo moto hauwezi kuumaliza. Jengo likasimamishwa tena, na 2023 eneo likatolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Kinachoendeleza nyumba, basi, ni wajibu wa wanaoijenga upya. Ndiyo maana hoja ya Kasubi haiihusu kila nyumba. Nyumba ya mapumziko iliyojengwa ufukweni na tajiri, kisha warithi wakaiuza, haina ukoo wa kuiezeka. Nakshi ya mlango wake ni shahidi pekee wa fundi aliyeichonga. Seremala akiitupa na kuchonga mfano wake, hata uwe mzuri kiasi gani, ushahidi huo umepotea. Hapo Mkataba wa Venice una haki.